Silinda ya Tatu

Pijo ya Bi Shinuna imekokotwa jana kutoka Ibra,
vumbi la Sharkiya limegandia taa zake.
Ya mwaka sitini na saba, rangi ya maziwa yaliyochacha.
Saa tatu asubuhi hapa Wadi Kabir
na bati la paa limeshaanza kulia kwa jua.

Kwenye simu ameeleza: ikisimama inatetemeka,
kile kilima cha nyumbani kwake haikipandi,
ikijaribu inakohoa
kama mtu aliyekatizwa maneno.
Fundi mmoja wa kule kamuuzia plagi mpya,
wa pili kamuuzia koili.
"Na maradhi," anasema, "yenyewe mazima, hayajambo."

Natoa plagi nne, nazilaza juu ya gazeti
kwa mpango wa vyumba zilimotoka.
Usizichanganye, namwambia Shaji.
Plagi ni ulimi, na tabibu huanzia ulimini.
Ya kwanza, rangi ya biskuti.
Ya pili, biskuti.
Ya nne, biskuti iliyosahauliwa kidogo motoni.
Ya tatu nyeusi, imelowa,
inanuka petroli isiyopata kuungua.

Shaji anataka kuitupa.
Kila kijana anataka kuitupa.
Ihamishe, nasema: ya tatu iende kwa kwanza, ya kwanza ije kwa tatu.
Tukawasha. Ugonjwa haukuhama chumba.
Basi plagi ni shahidi tu,
na watu wawili wameshalipwa kwa kumfunga shahidi.

Tukapima kompresheni.
Mia na hamsini. Mia na hamsini na tano.
Sitini.
Mia na hamsini.
Nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu la tatu:
zingekuwa ringi, sindano ingepanda.
Sindano ikakaa pale pale, punda kagoma.
Nikashika risiti ya chai nyuma ya ekzosi:
inasukumwa, inasukumwa, inasukumwa,
halafu, fyu, inavutwa ndani.
Gari linalovuta pumzi kwa nyuma
lina mlango usiofungika.

Nikafungua kifuniko cha roka.
Fila ya robo milimita haikupita.
Nikachukua nyembamba kuliko zote, ile kama ganda la kitunguu.
Nayo haikupita.

Hapo nikakumbuka.

Shaabani ya mwaka jana alikuja mwenyewe:
"Inagonga, tik tik tik, imenitia aibu arusini."
Nami nina magari sita mlangoni, Ramadhani inabisha hodi,
nikakaza skrubu,
nikakaza tena,
mpaka ikanyamaza.
Akafurahi. Akaniletea halua, bakuli zima,
nikala.

Nami nilijua. Nilifundishwa kabla sijaota ndevu:
vali inayogonga haina neno,
inakwambia tu kuwa nafasi ipo.
Iogope iliyonyamaza.
Hiyo haikalii kiti chake,
na kila mzunguko moto unapenya kando,
unalamba ukingo, unalamba,
mpaka ukingo unakuwa kama mkate uliong'atwa na panya.

Nampigia. Shaji ananitazama, grisi mpaka viwikoni.
Ningeweza kusema: uzee.
Ningeweza kusema petroli ya siku hizi haina risasi,
vali za zamani haziipendi,
na hilo ni kweli,
na kweli hiyo ingenitosha kabisa.

"Bi Shinuna, mwaka jana niliinyamazisha mimi."

Kimya. Nasikia feni lake linazunguka,
nasikia kijiko kikiwekwa juu ya kisahani.

"Nilikuomba mimi," anasema. Kisha:
"Lakini fundi ni wewe."

Kisha, kabla hajakata:
"Iache igonge. Na ile halua
utaikata kwenye hesabu."

Shaji ameshapaka dawa ya kusagia.
Kijiti kati ya viganja, mbele, nyuma, mbele, nyuma,
vali mpya inajifunza kiti chake.
Namwambia ainue, afute, atazame:
pete ya kijivu, upana sawa, pote.
Bado, namwambia.
Pale panang'aa. Endelea.