Ulikuwa Wapi

Igombe, dagaa wameanikwa mchangani
kama sindano alizozimwaga fundi
akaenda zake bila kuziokota.
Mimi kazi yangu ni rangi.
Nachora majina ubavuni mwa mitumbwi:
SUBIRA. MTAJI NGUVU. WATASEMA USIKU WATALALA.
Maneno ya watu kwa mkono wangu,
elfu tano kwa neno, rangi juu yako.

Miaka kumi na moja naandika ya wenzangu.
Langu lilikuwa moja, nalo sikuliandika:
swali la shangazi Mbalu siku ya matanga,
uani watu tele, ugali wa msiba unasongwa,
akaniinamia, pumzi yake inanuka tangawizi:
Ulikuwa wapi?

Nilikuwa nimeshika kandambili moja ya Sayi,
ya bluu, kamba yake imekazwa kwa msumari.
Ya pili ilikuwa kwa ziwa,
na mwenyewe pia.

Mtoto husahau, walisema wakubwa, wakanawa mikono, wakala.
Mtoto hasahau. Mtoto huweka.
Niliweka swali lile chini ya ulimi
kama tembe isiyoyeyuka,
hata sauti ikaanza kuchechemea,
s ikikwama mlangoni
kila nilipotaka kutaja jina lake.

Wanawake wa dagaa wana kikoba, Alhamisi,
kivulini mwa lile jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala.
Sikwenda kuponywa. Nilikwenda kudai hela yangu ya rangi.
Nikamkuta Nyanzala anamsimulia mwanawe marehemu
bila kushusha sauti, huku anapepeta,
wenzake wakimwitikia ehee, ehee,
hakuna aliyemwambia nyamaza,
hakuna aliyemwambia kazi ya Mungu haina makosa.
Nikaketi.
Alhamisi tatu nilikaa tu.
Ya nne mdomo ukafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua:
kwa teke.
S-s-s.
Walisubiri.
S-Sayi. Ana minne. Mimi ndiye niliyemchunga.
Niligeuka kufua shati lake.

Nyanzala hakunipa pole.
Wewe ulikuwa na miaka mingapi?
Saba.
Akaita, "Ngolo! Hebu njoo."
Kakaja katoto kenye pengo mbele,
kanaburuta ndoo kwa mikono miwili,
maji yakikamwagikia miguuni.
"Huyu ana saba," akasema. "Mtazame."

Nilimtazama.
Vifundo vya vidole kama punje za karanga.
Goti lenye kovu la kigae.
Nilimtazama mpaka akaona haya, akakimbia,
ndipo nikalia,
kile kilio cha uani nilichokuwa nadaiwa,
na wanawake wakakiitikia,
na dagaa wakaungua juani hakuna wa kuwageuza.
Ipo kwenye daftari la kikoba, kwa mwandiko wa katibu:
Alhamisi, hasara, madebe mawili.

Mwezi wa nane walinunua mtumbwi wao.
Wakabishana jina. UMOJA, alisema katibu.
UMOJA ziko sita hapa mwaloni, akajibiwa.
Nyanzala akanitupia jicho: weka wewe.
Sikupiga hata mstari wa penseli.
Rangi nyekundu. Ilichuruzika kwenye L,
sikuifuta.
NILIKUWA HAPA.

Wavuvi wanacheka, kila mmoja na maana yake.
Jana shangazi Mbalu alikuja kununua dagaa,
mzee sasa, jicho moja lina ukungu.
Alisimama mbele ya mtumbwi
akisoma herufi kwa herufi, midomo inacheza,
akafika mwisho, akarudi mwanzo.
Kisha akaniuliza sado ni bei gani.

Nikamtajia.
Nikamwongezea kiganja.

S zangu bado hukwama, hasa asubuhi.