Gundi Vidoleni

Msagaji ndiye mimi,
kinu changu hakisemi,
mchi hauna ulimi,
siri naitoa ndani.

Kombo Faki kwa fahari
alishuka kwenye gari
na magunia tayari,
nyumba yetu ya Limbani.

Ndani yake sanamaki;
kanipa nusu ya laki.
Kwa mjane ni riziki,
sikuuliza kwa nini.

Tangawizi kwa ukali,
manjano, rangi ya mali,
na karafuu kwa mbali,
harufu iwe puani.

Kisha lebo, rundo zima,
za kijani, zimesema:
“Tumbo Safi na Salama,
itoe sumu mwilini.”

Na chini, kwa wino bora,
herufi nene, imara:
“Dawa haina madhara.”
Nikabandika chupani.

Gundi ni unga wa ngano,
huganda kwenye mikono;
nakata lebo kwa meno
kwa kandili ya mezani.

Kipimo? Kijiko kile:
asubuhi kwa kilele;
jioni, mkono ule
umechoka: nusu, chini.

Bibi aliiheshimu.
Tumbo likifanya gumu,
funda moja, umetimu,
kisha uji, kitandani.

Hakutuita wachafu
wala hakuuza hofu;
mjamzito, dhaifu,
hakuwapa asilani.

Zikauzwa, zikaisha,
kipaza kikivumisha
maneno ya kutingisha
Chake, Konde, Mkoani.

Bi Time kashuhudia,
wepesi kajisikia,
nami nikafurahia
kama mimi Lukumani.

Kumbe Mize, dada yangu,
kanunua jasho langu,
akanywa, ya Mola wangu,
siku saba, faraghani.

Harusi ipo karibu,
gauni lampa tabu,
na tumbo ndio sababu:
apungue kiunoni.

Uzito ulipungua,
kilo mbili kajivua;
ni maji, hakuyajua,
yakishukia chooni.

Ya nane, kabla fajiri,
miguu haikukiri,
moyo ukenda kwa shari
kama chiriku tunduni.

Tukambeba kwenye kiti
cha plastiki; kwa bahati
pikapu yenye makuti
ikatushusha langoni.

Hospitali, dripu tatu.
Daktari, mtoto wetu
wa Gando, kasema kitu
nikalowa mgongoni:

“Chumvi mwilini zakwisha,
ndizo moyo huendesha;
hata vidonge vya presha
vyapita tu, si damuni.”

Chupa akaigeuza,
lebo akaichunguza:
kipimo haikujuza,
wala jina, wala lini.

“Na sumu?” nikadadisi.
Akajibu kwa wepesi:
“Ini na mafigo, basi,
huosha bila sabuni.

Wepesi ule ni njaa,
na utumbo huduwaa,
mwishowe unakataa
usiposukumwa ndani.

Kula kisamvu na kunde,
maji na papai, pande,
kwa miguu kwenda Konde:
choo hakina uhuni.

Hakuna aliyepima
akauona uzima
kwa chupa hizi,” kasema.
“Aliyezipika nani?”

Vidole nikavificha.
Gundi haijanikacha,
manjano kwenye makucha,
Mize macho mkononi.

Hakunena. Alijua.
Kidole akachukua,
puani akakitua:
“Na pesa zangu ni lini?”

Jani halina kosale,
limeota zama zile;
aliyekosa ni yule
asopima kijikoni.

Kombo Faki kaja tena.
Nikasema: “Kinu sina.”
“Wasagaji? Wapo sana,
hata huko Mtambweni.”

Lebo zilizosalia,
nyumaye huandikia
Makame; hugeuzia
akisoma barazani.

Mwanangu, miaka sita,
neno kwa neno huvuta:
“Ha-i-na…” Kisha husita.
“Madhara, mama, ni nini?”