Kikombe

Hull, ghalani, saa kumi na moja alfajiri.
Kikombe cha plastiki kina jina langu, Mwakalukwa,
wameruka herufi moja;
maji ya choo wameyatia buluu, nisichakachue.

Sibishi. Tangu Gareth avunjwe nyonga
na foklifti ya mtu aliyevuta bangi mapumzikoni,
sibishi.

Ila kikombe hiki kitaisema Jumamosi yangu
na hakitasema kwamba jana niliunga zamu mbili,
kwamba jicho lilifumba
tani nzima ikiwa hewani, juu ya kichwa cha Tomasz.

Namrudishia muuguzi, kingali vuguvugu.
Aliyepanga zamu bado amelala; yeye hapimwi.
Nanawa mikono haraka:
dakika za choo wanazikata kwenye mshahara.