Dakika ya Arobaini na Moja

Jumatatu, saluni haijafagiliwa
na filamu ya jana imeshaingia, imekaa kiti cha kwanza.
Mbuke anataka yebo yebo nyembamba, za kumaliza mwezi,
na anasema kijana aliyeigiza muuaji ni mzuri mno,
macho yale, mtu ungemfuata mwenyewe hadi Igombe.
Anacheka. Kichwa kinatikisika mikononi mwangu.
Namwambia, tulia.

Yule wa kweli alishona miavuli Mlango Mmoja.
Alikuwa na kikohozi, na kucha safi.
Hakuna aliyemtazama mara mbili,
ndiyo maana alifika mpaka wa tano.
Jina lake wanalitaja sasa
kama jina la mshambuliaji aliyesajiliwa juzi.

Mama Lushinge yuko ndani ya drayeri
na drayeri humfanya adhani sote ni viziwi:
JIWE LA BISMARCK WAMELIONYESHA MARA NNE!
Kama vile Mwanza nzima tuna jiwe moja!
Na Kisukuma chao kile, nani kawafundisha?
"Mwangaluka" saa mbili usiku!
Tunacheka. Hata mimi nacheka,
maana ni kweli, mwangaluka ni ya asubuhi.

Nesi Nyabise hajapenda polisi.
Wamewafanya werevu, anasema, wanakimbia, wana ramani ukutani.
Nakumbuka benchi. Siku tatu, picha ya pasipoti kiganjani,
na koplo anayekula karanga:
ameenda kwa bwana huyo, atarudi.
Ramani sikuiona.

Sayi wa maji ya kandoro anaipa sita kwa kumi.
Mwisho umepoa, hukumu imesomwa upesi,
yeye alitaka walau amwone akilia.

Halafu Mbuke tena, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye sindano:
Lakini yule wa tatu naye alijitakia.
Kigauni kile chekundu, saa zile.

Kigauni walimnunulia wao.
Wangu alitoka zamu ya usiku, kiwanda cha minofu,
sketi ya bluu, buti nyeupe mkononi,
ananuka sangara hadi kwenye nyusi.
Hilo silisemi. Hapa Mabatini hawajui,
nilihama Igogo ili wasijue,
na hao wenye kamera hawakunitafuta kuniuliza.
Naligawa fungu la nywele mara tatu.
Labda nimevuta kidogo. Mbuke anasema, aa, dada.

Holo alikuwa na kigugumizi.
Kwenye sa alikwama kama tairi kwenye mchanga,
akijipigapiga paja kwa vidole viwili
mpaka neno likubali kutoka.
Sato alimwita "yule mwingine".
Sokoni walimzoea: wa yule mwingine amefika, mpimieni.
Darasani hawakumzoea.

Na jana, dakika ya arobaini na moja,
niliangalia saa ya ukutani, ndiyo maana najua,
akasimama kituoni na kile kigauni cha watu,
akamgeukia mtu aliyempa mgongo, akasema:
Samahani kaka, saa sita imeshapita?

Sa, sa, sa.
Zikateleza zote, hakuna iliyogoma.
Paja halikuguswa.

Wamekosea kila kitu. Sauti si yake, urefu si wake,
Holo asingemwita mtu kaka asiyemjua.
Nami nilikaa pale sakafuni na bakuli la wali limepoa
nikiona wivu kwamba ni wao,
si mimi, si mwalimu, si mganga wa Magu aliyekula mbuzi wetu,
waliomfungua ulimi.

Wanairudia Jumatano saa tatu.
Nitakuwa na rimoti mkononi.
Nitamsikia akiuliza saa
kisha nitazima,
kabla yule mzuri hajageuza shingo.

Na wewe dada, Mbuke anauliza, umekaa kimya, umeionaje?

Ndefu, nasema.
Inama mbele. Nachovya ncha,
maji ni ya moto.