Ng'ambo Isiyo na Mto

Mama akiulizwa kule Urambo, "Binti yuko wapi siku hizi?"
hujibu, "Yuko ng'ambo," kisha hunyamaza,
akawaacha wahesabu wenyewe ndege na baridi.
Mimi niko hapa Ng'ambo, Tabora.
Mto wa kuvuka hatuna.
Theluji yetu ni vumbi la Agosti juu ya vyandarua,
chumba elfu thelathini kwa mwezi, choo cha shirika.

Rahisi ni ghali, walisema wahenga,
ila wahenga hawakuwahi kupanga.
Dalali aliniambia ukweli, jambo nadra kwa dalali:
"Bei iko chini kwa sababu nyumba ina kesi."
Marehemu Kapaya aliacha vyumba nane,
wajane wawili, watoto kumi na mmoja,
na hakuacha karatasi.
Tangu hapo hakuna wa kupandisha kodi
wala wa kupandisha bati lililoanguka.

Nilikuja na cherehani na godoro,
nikasema: mpaka mvua ziishe.
Mvua zimekwisha mara tisa.

Sasa najua ukuta wa Nkamba hukohoa saa ngapi.
Najua Kalunde akiwasha pasi taa zetu husinzia,
na kabla ya magharibi umeme utakuwa umekwisha,
tutasimama uani, kila mtu na simu yake,
tukihesabiana yuniti kama maharage:
nani ana friji, nani ana balbu tu,
nani alichemsha maji Jumanne akakana.
Mwaka juzi mimi na Nkamba hatukusalimiana wiki nzima
kwa ajili ya elfu mbili.
Wiki hiyohiyo mwanangu akashikwa na degedege usiku,
na aliyegonga mlango, funguo za pikipiki mkononi,
ndiye niliyekuwa simsalimii.
Hatukupatana. Kesho yake alinidai ile elfu mbili.
Nikamlipa.

Tarehe za mahakama tunazijua kuliko sikukuu.
Siku ya kesi hakuna anayefua.
Humtuma Mlekwa, maana hana kazi na ana shati,
na akirudi tunamtazama miguu kabla ya uso:
akitembea polepole, imeahirishwa.
Imeahirishwa! Mjane mkubwa anaumwa.
Imeahirishwa! Jalada halionekani.
Jioni hiyo michembe huchemka kwenye sufuria moja,
karanga zinatwangwa, hata mwenye friji anatoa maji baridi.
Mungu anisamehe, nimeombea ugonjwa wa mtu
ili kodi ibaki elfu thelathini.

Juzi alikuja kijana wa mjane mdogo,
viatu vyeupe, futi ya kupimia.
Alipima ua, alipima choo,
alipima kivuli cha mpapai alioupanda Kalunde.
Hakutusalimia, au labda alisalimia kuta.
Akaandika kwa chaki kwenye kila mlango.
Kwangu: nne.
Miaka tisa sikujua kwamba mimi ni nne.

Usiku treni ya Mpanda ilipiga honi.
Umeme ulikuwepo, na hakuna aliyepiga pasi.
Nikasikia mlango wa Nkamba, kisha wa Kalunde,
kisha ndara uani, nyingi, zikijaribu kuwa chache.
Sikutoka.
Asubuhi milango yote ilikuwa haina namba,
na kitambaa changu cha kudekia
kilining'inia kambani, kimelowa, cheupe kama unga.
Hakuna aliyesema neno. Kalunde aliniuliza bei ya zipu.

Kodi ya mwezi ujao nimeiweka chini ya cherehani.
Sijui safari hii nimpe nani.
Mama amepiga simu, sauti ya juu, nadhani ana wageni:
"Hujambo mwanangu! Ng'ambo huko kukoje?"
Nikatazama mlango wangu, mbao tupu, bado mbichi.
Nikamwambia, baridi imeanza.