Ada ya Kizibo

Meza namba sita, pembeni mwa dirisha
lisilofungika tangu mvua za mwaka juzi,
walikaa watu watano na chupa moja.
Chupa ilikuwa imevaa soksi,
soksi nyeupe ya shule, iliyochoka kisigino,
isije ikagongwa njiani.
Imetoka Ipole mpaka hapa Tabora mjini
mapajani mwa Mihambo Kapaya,
na mfuko wa nguo ukaachwa utambae wenyewe
sakafuni mwa basi.

Leo binti yake, Kalunde, amekula kiapo cha uuguzi.

Mimi ni mhudumu.
Kazi yangu ni kusema "karibuni"
na kusema lile jingine.
Nikasema lile jingine:
"Samahanini, kinywaji cha kuja nacho kina ada.
Tunaiita ada ya kizibo. Elfu kumi."

Mihambo akaivua chupa soksi yake, taratibu,
akanigeuzia mdomo wa chupa niuone.
Gunzi.
Gunzi la muhindi, limechongwa kwa kisu,
limefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli.
"Kizibo kipi, kijana?"

Jibu ninalo. Bi Leokadia alinifundisha siku ya kwanza:
glasi zinavunjika, maji yanalipiwa,
leseni ile ukutani haikutundikwa kwa dua;
mtu akija na chupa yake
anakuja kunywa kiti changu na taa yangu.
Na ni kweli. Nimeona meza ikikesha
kwa sahani moja ya chipsi.
Nikayasema yote. Sauti ikanitoka
kama ya mtu anayesomewa mashtaka.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu, bila hasira:
mzinga wa kwanza, nyegere;
mzinga wa pili, watu wa mbao waliuangusha mninga
na nyuki wake ndani;
wa tatu ndio huu.
"Niliuziba Kalunde alipomaliza kidato cha nne.
Alipofeli mtihani wa kwanza chuoni nikataka kuunywa,
mama yake akauficha kwenye pipa la mpunga.
Nimeupata juzi, nikitafuta mpunga wa arobaini yake."

Kalunde akaangalia sahani.
Nilienda kuleta glasi. Nilileta sita, nikahesabu watu,
nikarudisha moja.

Wakala, wakacheka, shangazi mtu akaimba kidogo.
Nikapeleka bili:

kuku wa kienyeji, wawili
ugali
mlenda
soda mbili
kizibo

Akalipa, noti moja moja, akizinyoosha juu ya goti.
Akamaliza kulipa, kiganja kikabaki wazi.
"Nimelipia kizibo. Nipe kizibo."

Meza ya jirani ikaangua kicheko. Mimi nikacheka nusu.
Yeye hakucheka.

Jikoni, kwenye ndoo ya chini ya sinki,
kati ya maganda ya ndizi na mifupa ya sato,
nikakiona kimoja, cha mvinyo wa Dodoma
waliokunywa mainjinia wa reli Ijumaa.
Nikakiosha. Nikakikausha kwa aproni.
Akakipima kwa jicho kama anunuaye mpini wa jembe,
akakipachika. Kikaingia kikilalamika.
Robo ya chupa ilikuwa imebaki.
Akaivalisha soksi.
"Haya," akasema, "mwambie mwenye hoteli hatudaiani."

Glasi tano, hakuna iliyovunjika.
Katikati ya meza, gunzi.
"Ondoa takataka hiyo," Bi Leokadia akapita akisema.

Nikaiondoa. Iko mfuko wa shati, upande wa kalamu.
Nikirudi nyumbani, pale reli inapokata njia,
nililitoa gunzi nikalinusa:
moshi wa kurinia, nta, kitu fulani cha mwituni kilichokomaa.
Nililinusa mara moja tu.
Mara ya pili nilishindwa,
nilijikuta nauliza ni shilingi ngapi.