Fundi wa Matundu

Huku Uyole tuligawiwa vyandarua, tukashukuru,
kisha nikafunikia miche ya kabichi.
Subilaga, mke wangu, alikata cha pili
akawasetiri vifaranga, mwewe asiwaone.
Mbu ni wa watu wa chini, tulisema,
wa Kyela, wa Usangu, wa kwenye mpunga na joto.
Sisi tuna makoti.
Sisi tunalima pareto, ua la kuulia mbu wa dunia.

Homa ilinikuta nimeinamia gurudumu la Fuso,
saa nne asubuhi, jua likiwa wazi.
Ilianzia nyuma ya macho,
kama mtu anayasukuma kwa dole gumba kutoka ndani.
Kisha mifupa.
Umewahi kusikia tairi kuukuu
likibanduliwa kwenye rimu kwa nondo,
linavyolia? Basi.

Zahanati wakapima malaria: hamna.
Taifodi: hamna.
Wakapima mkojo, maana kila mtu hupimwa mkojo.
Siku ya nne kifua kikaota vipele,
na dada wa maabara, Tumpe Mwasomola,
akauliza bila kuinua uso kwenye fomu:
Umesafiri?
Sijasafiri.
Dar? Tanga? Hata harusini?
Dada, mimi hata Chimala sijashuka
tangu mahindi ya mwaka juzi.

Kalamu ikasimama.
Alinitazama kama mtu aliyekuta
nyayo za kiboko kwenye shamba la ngano.
Kidingapopo, akasema.
Nikataka kucheka, jina kama la mchezo wa watoto,
mbavu zikanikataza.
Na usimeze diklofenaki, akasema,
damu itakosa breki.

Walikuja wanne, na tochi mchana kweupe.
Nyuma ya banda nina matairi sitini na matatu.
Bwana afya akachota maji kwa kata nyeupe:
vijidudu vinapinda, vinanyooka, vinapinda,
kama mikato iliyotoroka kwenye barua.
Yai lake, akasema, hukauka likatulia miezi,
kama mbegu ya ulezi kibuyuni,
likingoja tone.

Nikakumbuka shehena ya mitumba
iliyoshushwa Machi, usiku, kutoka pwani,
na nilivyoisifu bei yake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kaja mgeni.

Tairi moja nililipasua nikampa Mama Ipyana,
anyweshee bata.
Kitinda mimba wake, Lusekelo, alilazwa Rufaa siku tisa.
Amerudi, ashukuriwe Mungu, shingo imekuwa bua.
Mama yake hajanisema.
Hupita na ndoo, husema, Ugonile,
nami huitikia nikitazama nati.
Angenitukana ningelala.

Miaka ishirini na miwili kazi yangu ni kuziba.
Wiki hii nimeazima drili kwa seremala Anyosisye,
natoboa.
Tairi kwa tairi, matundu matatu chini,
maji yanatoka meusi, yananuka majani yaliyooza.
Dereva wa Tunduma alisimama akaniangalia kitambo.
Fundi, umeamua kujitafutia wateja?
Sikumjibu. Nikahamia la arobaini na moja.

Juni imeingia. Alfajiri nyasi zina barafu
nyembamba, kama sukari iliyomwagika.
Jirani zangu wanasema yamekwisha.
Huenda.
Lakini baridi yetu, iliyokuwa mlinzi hodari,
siku hizi huchelewa lindoni
na huondoka kabla ya zamu kuisha.

Jana Subilaga alikitoa chandarua kwenye kabichi,
akakifua, akakianika.
Jioni tukakaa nacho karibu na jiko,
yeye upande huu, mimi ule, kila mtu na sindano.
Huyu, wametuambia, huuma mchana.
Tunashona hivyo hivyo.